Njia Nyepesi za Rubondo

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, ndani ya ghuba inayoitwa kwa jina la Emin Pasha, kimelala kisiwa kirefu chembamba, kilichovikwa msitu tangu ncha yake ya kaskazini hata ya kusini, nacho ni Rubondo. Urefu wake unakaribia kilomita 28, upana wake ni baina ya kilomita 3 na 10, na kikichukuliwa pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka na maji yaliyo kati yake, ndicho kinachofanya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, yenye eneo la kilomita za mraba 456 na ushei, ambalo karibu nusu yake ni maji matupu. Serikali ya Tanzania ilikifanya pori la akiba mwaka 1965, kisha ikakipandisha daraja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, na leo kimo katika mkoa wa Geita. Mwenye kukitaka hupanda mashua katika bandari ndogo za bara, kama vile Muganza na Nkome, au huja kwa ndege ndogo hadi kiwanja kilichomo kisiwani.

Watu wengi wakisikia habari za kutembea kwa miguu katika hifadhi, fikira zao hukimbilia Kilimanjaro au Meru, kwenye baridi, mawe na kilele, na kwa dhana hiyo njia nyepesi huhesabiwa kuwa ni fungu la wazee, watoto na wenye magoti mabovu. Mimi nashika kinyume cha dhana hiyo. Mpanda mlima ana shughuli na pumzi zake, na aghalabu macho yake hayaondoki penye kisigino cha mwenzake aliye mbele. Lakini yule atembeaye mahali tambarare, asiyehofia kuchelewa wala kuanguka, amebakiwa na nafasi ya kutazama, kusikiliza, kusimama na kuuliza, na katika ilimu ya viumbe hakuna kilicho na thamani kuliko nafasi hiyo. Isitoshe, viumbe wengi wa nchi yetu wapendao kukaa karibu karibu hawako vileleni, bali wako pale ambapo aina mbili au tatu za makazi hukutana. Na katika Rubondo msitu, kinamasi na ziwa hukutana kwa karibu hata mtu akaweza kuvipitia vyote vitatu kabla jua halijawa kali.

Wepesi wa njia zenyewe una sababu yake katika tarehe ya ardhi, nayo yafaa ielezwe kwanza, kwa maana bila ya kuijua mtu hataelewa kwa nini vinamasi vimo hapa wala kwa nini ufuo umepindapinda namna ile. Ziwa Tanganyika limelala katika mpasuko wa ardhi, na kina chake kinapita mita 1,400. Ziwa Viktoria, ijapokuwa ni kubwa mno kwa upana, kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu. Zamani za kale mito ya pande hizi, Kagera ukiwa mmoja wao, ilitiririka kuelekea magharibi. Yapata miaka 400,000 iliyopita, ardhi ya magharibi ilipoinuka taratibu pamoja na kingo za bonde la ufa, mito ile ilikosa njia, maji yakarudi nyuma, yakatandaa juu ya nchi iliyokuwa na vilima na mabonde ya kawaida. Vilima vikawa visiwa, mabonde yakawa hori na ghuba zenye maji haba, na katika hori hizo, mahali ambapo mawimbi hayana nguvu na matope hupata utulivu wa kutuama, mafunjo yakaota. Rubondo ni safu ya vilima vinne vilivyounganishwa na shingo za ardhi iliyo chini. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, na kilima kirefu cha kisiwa, kiitwacho Msasa, hakifiki mita 1,500. Kwa hiyo hata mwenye kupanda juu kabisa hapandi zaidi ya mita mia tatu na hamsini hivi, na njia nyingi za matembezi haziinuki hata nusu ya kiasi hicho. Wataalamu wanasema pia kwamba yapata miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka karibu lote, na bila shaka siku hizo palipo kisiwa leo palikuwa kilima tu, ambacho mnyama aliweza kukifikia kwa miguu yake.

Makao makuu ya hifadhi yako Kageye, na ndipo matembezi mengi yanapoanzia. Mgeni haendi peke yake. Hufuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, si kwa sababu ya simba au chui, maana kisiwa hiki hakina simba, wala chui, wala fisi, bali kwa sababu ya tembo na viboko, ambao hawana haja ya kumla mtu ili wamdhuru. Askari huyo ni zaidi ya mlinzi. Yeye ndiye ajuaye ni mti gani umezaa wiki hii, ni hori gani ina mamba wakubwa, na ni upande gani mbega walilala jana, na mgeni mwenye busara hutembea nyuma yake kwa hatua chache, akanyamaza, akaacha maswali kwa wakati wa kupumzika. Lau ningeombwa kanuni moja ya kumfunza atembeaye hapa kwa mara ya kwanza, ningemwambia apunguze mwendo wake kwa nusu, kisha aupunguze tena.

Msitu umeshika kiasi cha sehemu nne katika tano za nchi kavu ya kisiwa. Mtu akiuingia kutoka ufuoni huhisi badiliko la hewa kabla hajaona jambo lolote: joto la jua hukatika, upepo wa ziwa hukoma, na harufu ya majani yaozayo hupanda kutoka chini. Miti mirefu imesimama kwa kuachana kidogo, na baina yake zimetambaa mbugu nene, nyingine zikipita mguu wa mtu kwa unene, zikipanda mti huu na kushukia ule. Juu ya matawi ya zamani zimeota okidi, ambazo hazinyonyi mti uliozibeba kama wengi wadhanivyo, bali huchukua maji yake katika mvua na ukungu, na chakula chake katika mavumbi na majani yaliyonasa. Penye unyevu zaidi kuna mikindu, ile ile ambayo watu wa pwani wameijua dahari kwa makuti yake ya kusukia mikeka, na kando yake mikuyu iliyozaa matunda yake juu ya shina lenyewe na matawi manene. Mkuyu ukizaa, msitu wote hupata habari: tumbili huja, mbega huja, ndege walao matunda huja, na chini ya mti pongo husimama kuokota yaliyoanguka.

Miongoni mwa mbugu hizo umo mbungo. Msomaji wa Unguja, Tanga au Mombasa hahitaji kuelezwa mbungo ni nini, kwani amekwisha kunywa sharubati ya mabungo tangu utotoni, na ladha yake ya uchachu na utamu imo ulimini mwake. Ila pengine hakupata kufikiri kwamba tunda hilo hilo ndilo linalowalisha sokwe wa Rubondo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ganda gumu la rangi ya machungwa lililopasuliwa, mbegu zilizofyonzwa zikatemwa zingali na nyuzi za nyama ya tunda, na juu ya jani utomvu mweupe unaonata vidoleni: mwenye kuziona dalili hizi njiani ajue kwamba sokwe wamepita, na ikiwa utomvu haujakauka, basi hawako mbali.

Habari ya sokwe hawa ni ya shani, na inastahili kutulizwa kalamu. Hawakuwako kisiwani tangu azali. Baina ya mwaka 1966 na 1969, kwa juhudi za Profesa Bernhard Grzimek na jumuiya ya wanyama ya Frankfurt, sokwe wasiofika 20, waliozaliwa katika misitu ya Afrika ya Magharibi, wakakamatwa wangali wadogo na kupelekwa Ulaya, waliletwa hapa wakafunguliwa milango. Baadhi yao walikuwa wamekaa miaka mingi katika vizimba, hawakuwa wakijua chakula cha msitu huu, na katika miaka ya mwanzo walitokea miongoni mwao walioshambulia watu, kwani hofu ya mwanadamu ilikwisha kuwatoka. Waliangaliwa kwa muda mfupi, kisha wakaachwa wajitafutie. Wakajifunza. Walitambua matunda ya kula na ya kuacha, wakaanza kupinda matawi jioni na kujitengenezea viota vya kulalia juu ya miti, wakazaa, na watoto wao wakawa wanyama wa mwitu kamili. Leo ni makumi kadhaa, na kwa miaka ya karibuni wahifadhi wamekuwa wakiwazoeza baadhi yao kuvumilia kutazamwa. Mimi sijui jaribio jingine la kuwarudisha sokwe mwituni ambalo limedumu muda mrefu kiasi hiki kwa msaada mdogo kiasi hiki.

Walakini si kila kilicholetwa kilifanikiwa, na haki yataka hilo nalo lisemwe. Vifaru weusi walioletwa katika miaka hiyo ya 1960 walimalizwa na majangili; swala wakubwa waitwao korongo nao walitoweka. Twiga, tembo na mbega walidumu. Kasuku wa kijivu walionyang'anywa wafanya magendo waliachiliwa hapa mwaka 2000, na msikilizaji mwema huweza kuwasikia wakipiga miluzi juu ya miti. Mtu asije akadhani kwamba kisiwa ni ghala la kuwekea wanyama waliokosa mahali pengine. Kila kiumbe aletwaye huondoa kitu, na twiga atafunaye machipukizi katika msitu uliokua bila ya twiga huubadili msitu huo, hata kama mabadiliko yenyewe huchukua umri wa mtu kuonekana.

Sasa tuteremke kwenye kinamasi, ambapo kwa maoni yangu ndipo penye johari ya matembezi haya, ijapokuwa ndipo wageni wengi wanapopita haraka kwa kuogopa matope. Njia ikikaribia hori, ardhi hulainika, miti hupungua, na mbele husimama ukuta wa kijani wa mafunjo, mengine yakipita mita 4 kwa urefu, kila shina likibeba kichwani shada la nyuzi nyembamba. Lishike shina moja kati ya vidole: halina mviringo bali lina pembe tatu, ngozi yake ni laini na ngumu, na ndani yake mna nyama nyeupe nyepesi iliyojaa hewa. Hewa hiyo ndiyo ifanyayo mizizi iliyosukana ielee juu ya maji kama jamvi, hata kwa nje mtu akadhani ni nchi kavu, ilhali chini yake mna maji ya kumzamisha. Kwa sababu hiyo njia haziingii ndani ya mafunjo, bali hupakana nayo, na anayetoka njiani kwa kutaka picha nzuri hujitia hatarini bila ya faida.

Kazi ya mafunjo ni kubwa kuliko yanavyoonekana. Maji ya mvua yashukayo kutoka bara na vilimani, yenye udongo na mbolea za mashamba, hupunguza mwendo yakifika humo. Udongo hutuama, na mizizi hufyonza zile mbolea ambazo zingefika ziwani zingelisha majani mabaya na kuyafanya maji kuwa ya kijani yenye harufu. Watu wa kandokando ya ziwa wakatapo mafunjo yote ili kupata shamba au gati huona miaka michache baadaye kwamba maji ya kunywa yamechafuka na samaki wadogo wamepungua, na mara nyingi hawaunganishi mambo hayo mawili. Katika hifadhi kukata hakuruhusiwi, na mgeni aweza kuona kinamasi kilivyo kikiachwa kifanye kazi yake.

Iko siri nyingine ndani ya maji hayo ya rangi ya chai. Majani yaozayo hutumia hewa iliyomo majini, na kivuli cha mafunjo huzuia jua na upepo visiirudishe, hata maji ya ndani kabisa ya kinamasi yakawa na hewa haba mno kwa samaki walio wengi. Sangara, aliyeingizwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950, ambaye huweza kufikia uzito wa kilo 100 na zaidi, ni samaki apendaye maji yenye hewa nyingi, naye haingii humo kwa raha. Basi wale samaki wadogo waitwao furu, ambao zamani walikuwa wa mamia ya aina katika ziwa hili, na ambao katika miaka ya 1980 aina zao nyingi zilitoweka kwa kuliwa na sangara na kwa kuharibika kwa maji, baadhi yao waliokoka kwa kujificha penye mafunjo, kwani wao waliweza kustahimili hewa chache ambayo adui wao hakuistahimili. Kamongo naye ana hila yake: ana mapafu, na hana budi kupanda juu kuvuta pumzi. Ukisimama kimya pembezoni mwa hori asubuhi isiyo na upepo, utasikia mdomo wake ukipasua uso wa maji kwa sauti fupi, kisha duara moja litapanuka na kufifia baina ya mashina. Ziwa lote lina mafunzo machache yaliyo wazi kuliko hilo: mahali tulipopadharau kwa kupaita tope ndipo palipohifadhi samaki ambao maji safi ya wazi yalishindwa kuwahifadhi.

Mwenye kinamasi hasa, hata hivyo, ni nzohe. Huyu ni swala wa majini, ndugu wa karibu wa pongo na tandala, mwenye manyoya marefu yenye mafuta yasiyopenya maji, na kwato zilizorefuka hata zikapita sentimita 10, ambazo hufunguka akikanyaga tope ili asizame. Dume ana rangi ya kahawia iliyoiva na pembe zilizojisokota; jike ni mwekundu zaidi na hana pembe. Akihofu hujitosa majini akabakiza pua tu. Katika nchi nyingine mtu huweza kuishi kandokando ya vinamasi miaka mingi asimwone. Lakini Rubondo, kwa kuwa hakuna mnyama mkubwa wa kumwinda, nzohe wamezoea kutoka nje, na hata kuingia msituni kula majani pamoja na pongo. Kwa hiyo mtembezi atazame chini. Alama ya pongo ni fupi, imefungana, ncha zake zikielekeana. Alama ya nzohe ni ndefu, vidole vyake viwili vimeachana vikachora pembe, na nyuma yake mara nyingi huonekana vitone vya kwato ndogo za juu. Mtoto wa shule akioneshwa alama hizo mbili kando kwa kando katika tope bichi hatazisahau, na atakuwa ameanza kusoma ardhi kwa njia ambayo kitabu peke yake hakimpi.

Njia ikitoka katika mafunjo hufika ufuoni, mahali pengine penye mchanga, pengine penye mawe, na hapo furukombe ndiye mwenye enzi. Kichwa chake cheupe huonekana kwa mbali juu ya mti uliokauka, na wito wake, ambao hupiga kichwa kikiwa kimetupwa nyuma, ni sauti ambayo mtu akiisikia mara moja hulifahamu ziwa kwayo. Wanandi hukausha mbawa zao mawe kwa mawe, mdiria huning'inia hewani kabla ya kujitosa, na fisi maji, ambao ni wapole na wacheshi pasipo na wavuvi wa kuwafukuza, huogelea wawili watatu karibu na mawe. Ndege wa kisiwa na maji yake wanapita aina 200, baadhi yao wakiwa wahamiaji wanaokuja msimu wa baridi ya Ulaya.

Ufuoni ndipo pia hadhari inapotakiwa kuzidi. Kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi majini alfajiri kwa njia yake aliyoizoea, na mtu akisimama baina yake na maji amejiweka mahali ambapo kiboko hamwachi. Kwa hiyo matembezi ya asubuhi hayaanzi kabla ya askari kuridhika na hali ya njia. Mamba hujilaza penye mchanga, hususan katika ghuba ya Mlaga, ambayo ni bora kutazamwa kutoka katika mashua. Hakuna kuoga, wala kutia miguu majini kwa kutaka ubaridi, kwa sababu ya mamba na pia kwa sababu ya kichocho, ambacho wadudu wake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia na kupenya ngozi kimyakimya. Mbung'o wako, na huvutwa na nguo za rangi ya samawati na nyeusi. Basi avaliaye nguo za rangi ya mchanga au ya majani makavu, za mikono mirefu, pamoja na viatu vilivyofunika kifundo, amejikinga na mbung'o, upupu na siafu kwa pamoja. Maji ya kunywa achukue mwenyewe. Sokwe wasikaribiwe na mwenye mafua hata kidogo, kwa maana maradhi yetu madogo huwaua.

Majira mema ya kutembea ni tangu Juni hata Septemba, mvua zinapokuwa chache na njia zimekauka. Wakati wa mvua vipepeo na maua ya okidi ni wengi zaidi, na mwenye kupenda hayo avumilie utelezi. Ila ajue pia kwamba ziwa lenyewe hupanda na kushuka. Baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 lilipanda kiasi cha mita 2 kufikia mwaka 1964, na mwaka 2020 lilipanda tena likameza fukwe, gati na mashamba kila upande. Njia ya ufuoni iliyosifiwa na aliyekuja mwaka fulani huenda leo imo majini, na kinamasi kilichokuwa upande wa kulia kimehamia kushoto. Katika mbuga ya namna hii ramani huzeeka haraka, na taarifa ya askari wa asubuhi hiyo ndiyo ya kutegemewa.

Yapo mambo ambayo njia hizi hazimwonyeshi mtu kwa urahisi. Kisiwa hiki kiliwahi kuwa maskani ya watu, wavuvi na wakulima wa migomba, ambao walihamishwa bara na katika visiwa jirani kilipofanywa pori la akiba. Na kuna sehemu za msitu ambazo leo zinaonekana za kale lakini kwa kweli ni mashamba yaliyorudishwa na miti. Maji yaliyo ndani ya mipaka ya hifadhi ni mazalio ya sato na sangara, ambao hukua humo kisha wakatoka kwenda kuvuliwa na jirani wa Geita, Chato, Sengerema na Muleba. Watu hao wamelipa gharama ya hifadhi hii kuliko mgeni yeyote atokaye mbali, na kwa mizani ya haki wao ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kuzijua njia zake. Hali ilivyo sivyo. Wengi wao hukiona kisiwa kila siku upeoni mwa macho, wakajua kwamba kukiingia bila ruhusa ni kosa, wasijue kwamba kukiingia kwa ruhusa kunawezekana.

Kwa aishiye Mwanza, ambaye safari ya Rubondo yaweza kumwia ndefu, iko Saanane, kisiwa cha mawe kilicho karibu kabisa na mji, kilichopata jina lake kwa Mzee Saanane Chawandi aliyekaa huko kwanza. Palikuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964, na kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, nacho ni miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa za taifa nchini, kwa kuwa eneo lake pamoja na maji ni kilomita za mraba 2 na kidogo. Mashua hukifikia kwa dakika chache. Hakina msitu wa Rubondo wala vinamasi vyake, lakini kina njia fupi baina ya majabali, kina pimbi na mijusi ya mawe yenye vichwa vya rangi, na kinafaa sana kwa watoto wadogo kabla hawajapelekwa mbali zaidi.

Basi ombi langu ni kwa walimu wakuu na kamati za shule za mikoa ya Geita, Mwanza na Kagera, na kwa wazazi wenye uwezo wa kuchangia nauli. Andikeni barua kwa ofisi ya hifadhi mapema, mtaje idadi ya watoto na umri wao, muombe mashua ya hifadhi na askari wa kuwaongoza, na mchague siku katika miezi ya kiangazi. Watoto wasizidi idadi ambayo askari mmoja aweza kuwaona wote kwa mara moja. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni wa nje.